Mmoja Handakini

Maji yalipoondoka katika kiwanda cha mkonge cha Kwelugogo, yaliacha mstari wa tope jekundu ukutani, juu kidogo ya kimo changu. Chini ya mstari ule kila kitu kilikuwa kimelala majini siku mbili: mota, masanduku ya swichi, mikanda, na marobota ya singa, zile nyuzi za mkonge, yaliyovimba mpaka yakakata kamba zake. Korona, ile mashine kubwa ya kuchambua majani ya mkonge, ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi na nyasi za mtoni zimeizunguka ngoma yake.

Nilifika Jumanne asubuhi na tanuri la kukaushia, kipimo cha mega cha kupimia kama koili zimekauka, na madumu kumi ya maji ya betri. Kazi yangu ndiyo hiyo. Masika yakishapita juu ya kiwanda cha mtu, naitwa mimi.

Meneja, Bwana Semkiwa, alinipokea mlangoni akiwa amevaa viatu vya mvua. Alikuwa mtu mzima, mpole, ambaye hajalala vizuri kwa siku nyingi.

"Pole na safari, dada Namkunda."

"Pole na nyinyi, Meneja. Nimesikia mmefiwa."

"Bi Chiku," alisema. "Mnyapara wetu wa korona. Alikuwa handakini, kwenye njia ya maji ya kutoka mtoni, anasafisha chujio mto ulipofurika. Alhamisi ile. Tumempata Jumapili, tumemzika jana."

Aliniambia hayo akiangalia sakafu. Kisha akanionyesha kazi.

Tulianza na mota. Wanawake sita wa zamu ya korona walikuja kusaidia, na nilipowaambia tuzioshe mota kwa maji safi, mmoja wao alishika kiuno.

"Fundi, hii imekunywa mto mzima, na wewe unaiongezea?"

"Maji hayaui mota," nilimwambia. "Linaloua ni tope. Tope likikaukia ndani, siku ukiwasha umeme koili inaungua. Tunalitoa tope kwanza, ndipo tunakausha."

Wakaosha. Ilipofika mchana mota tatu zilikuwa ndani ya tanuri, na nilikuwa nimeikataa moja ambayo beringi zake zilikwaruza kama meno yanayosagwa usingizini. Wanawake wale walizungumza kwa sauti ya chini muda wote. Hakuna aliyesogelea pembe ya ukumbi ambako ngazi inashuka kwenda sakafu ya chini, na kutoka hapo kwenye lango la chuma la handaki.

Wa saba alikuwa amekaa peke yake juu ya robota lililolowa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amejifunga kanga ya msiba, na mapajani kwake amepakata gunia dogo.

"Yule ni Mwajabu," Semkiwa aliniambia. "Binti wa marehemu. Nimemwambia akae nyumbani, amekataa."

Nilimwendea nikampa pole. Alisimama, akaniamkia, akaninyooshea lile gunia kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na mchele.

"Ni wa kumkaushia mwenzi," alisema. "Watu husema simu ikiingia maji unaitia kwenye mchele. Sikujua sanduku lile linahitaji kiasi gani. Nimeleta kilo kumi."

Sikumcheka. Nilipokea mchele ule nikauweka kando ya tanuri.

*

Mwenzi ni sanduku linalokaribia ukubwa wa ndoo, hufungwa juu ya korona, lina macho manne na masikio mawili. Tangu sheria ya mikono ipite, hakuna korona inayoruhusiwa kuzunguka bila mwenzi. Zamani, kabla ya hapo, ungeweza kupita mitaa ya mashamba ya mkonge ukahesabu watu wasio na vidole. Mwenzi huona mkono unapokaribia ngoma na kusimamisha mashine kabla mwenye mkono hajajua. Lakini hazaliwi akijua. Hufundishwa na mtu mmoja, kwa miaka, na hurithi akili ya kazi ya mtu huyo: anapotilia shaka, anapoharakisha, anachosamehe na asichosamehe.

Mwenzi wa Kwelugogo alifundishwa na Bi Chiku kwa miaka kumi na mmoja. Sauti yake ilikuwa ile bapa ya kiwandani, haina mwanamume wala mwanamke, ila maneno yalikuwa ya Bi Chiku. Wanawake waliniambia kwamba ngoma ilipoanza kuzunguka kila asubuhi alikuwa akisema, "Mikono nyuma, wanangu," na mchana alipunguza mwendo dakika mbili kabla ya king'ora cha chakula, kwa sababu Bi Chiku hakupenda mtu ale huku anahema.

Nilimfungua Jumatano, mezani, katika chumba cha stoo. Tope lilikuwa limeingia mpaka kwenye bodi. Niliosha kila bodi kwa maji ya betri na brashi laini, nikazifuta kwa spiriti, nikazipuliza. Hapo kuna jambo la kuamua, na utaratibu wetu unaliamua mapema. Mwenzi ana kumbukumbu za aina mbili. Ile iliyokomaa, ya miaka, imeshikamana na haiogopi joto. Ile mbichi, ya saa za mwisho, bado haijashika. Ukimtia kwenye tanuri inapotea. Kwa hiyo fundi humwasha kwanza kwa betri ndogo, kwa dakika chache, anasoma kumbukumbu mbichi na kuinakili kwenye kadi, ndipo anakausha.

Semkiwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni lazima uisome?" aliuliza.

"Utaratibu unasema hivyo."

"Ukimkausha tu, kuna atakayejua?"

"Hakuna."

Hakuondoka mlangoni.

Niliunga betri. Taa ndogo iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Kipaza sauti kilikoroma kwa unyevu uliobaki. Kisha mwenzi akasema, kwa ile sauti bapa:

"Maji yamefika wapi?"

Nimewasha mashine nyingi zilizozama. Huwa zinasoma makosa yake, zinataja namba, zinanyamaza. Hii ilikuwa bado iko Alhamisi.

"Maji yameondoka," nilimjibu. Sikujua kwa nini namjibu.

"Saba wako juu," akasema. "Mmoja handakini."

Semkiwa alitoka. Nilisikia viatu vyake vya mvua vikienda mbali juu ya tope.

*

Nilivaa vipokea sauti nikasikiliza peke yangu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo. Mwenzi, ambaye pia ndiye anayefungua na kufunga lango la handaki, alikuwa akiyapima maji ya handakini kila baada ya sekunde tano. Saa tisa na dakika kumi na mbili mchana maji yalikuwa goti. Sekunde ishirini baadaye yalikuwa kiuno, na mstari mwekundu wa hatari umefunikwa. Wanawake saba, ambao kwa hesabu ya mwenzi wako juu kwa kuwa wako nje ya handaki, walikuwa sakafu ya chini wanatoa makapi chini ya ngoma, na nyaya za umeme wenye nguvu zinapita usawa wa magoti yao. Lango lilikuwa wazi. Kama mto ungepita pale, ungewakuta hapo walipo.

Sauti ya Bi Chiku ilisikika wazi kwenye kinasa cha handakini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa amri.

"Funga! Funga lango, wanangu wako chini!"

Mwenzi akafunga. Ilichukua sekunde nne.

Niliposikia hapo nilidhani nimemaliza. Nilitaka iwe nimemaliza. Mama mmoja ameona maji, ameona wenzake, ameamua. Ningeweza kumpelekea binti yake neno hilo kama mtu anavyopeleka maji kwa mwenye kiu.

Lakini rekodi ilikuwa bado inaendelea. Sekunde thelathini na moja baada ya lango kufungwa, sauti ileile, ila si ileile tena, ilisema, "Fungua."

Mwenzi hakufungua.

"Fungua. Fungua, ni mimi."

Nilihesabu. Alisema fungua mara tisa. Baada ya mara ya tatu, mwenzi akamjibu kwa maneno ambayo bila shaka alifundishwa na yeye mwenyewe miaka mingi nyuma: "Aliye majini hatoi amri. Aliye juu ndiye anayetoa amri." Kisha akaelekeza sauti ukumbini, kwa spika ya sakafu ya chini, akauliza: "Nani juu anasema fungua?"

Akauliza mara tatu. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Hakuna aliyejibu. Baada ya mara ya tatu hakuuliza tena, na baada ya fungua ya tisa Bi Chiku naye hakusema tena. Dakika kumi na tisa baadaye mto ulipitia uani, ukaingia ukumbini kwa mlango mkubwa. Wakati huo wanawake wote walikuwa wameshapanda juu na kutoka.

Nilivua vipokea sauti nikakaa. Nje wanawake walikuwa wakifua magunia, mmoja anamwambia mwenzake apige maji polepole. Nilikiangalia kile kisanduku kilichofunguliwa mbele yangu, bodi zake zikimeremeta kwa spiriti, na nikahisi kinaniangalia pia.

*

Semkiwa alinikuta nikimwingiza mwenzi kwenye tanuri.

Nilimwambia yote. Aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza.

"Mwambie binti kwamba mama yake alisema funga," alisema. "Hilo ni kweli, si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mwache abaki na hilo. Dada Namkunda, mimi nina mabinti. Yule amelala siku sita bila kula. Unataka umpe nini kingine cha kubeba? Kwamba mashine iliuliza nao hawakusikia?"

"Siku moja akijua kwamba nilimficha?"

"Atajuaje? Iko wapi hiyo kumbukumbu?"

Aliangalia tanuri. Lilikuwa linawaka digrii sabini. Ndani yake kila alichosikia mwenzi Alhamisi ile kilikuwa kinapotea. Nakala pekee ilikuwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa katika mfuko wangu wa shati.

Jioni nilimwita Mwajabu, tukakaa juu ya marobota. Nilimwambia kwamba maneno ya mama yake yamesikika. Nilimwambia: "Aliona maji yanakuja. Aliwafikiria nyinyi. Alisema funga lango, wanangu wako chini."

Alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo maji yalijaa," nilisema.

Akasema, "Asante, dada," akajifunga kanga yake upya, akaenda. Sikuona faraja usoni mwake. Niliona mtu aliyegonga mlango akaambiwa mwenyewe hayupo, huku anasikia nyayo ndani.

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Sijui kama ilikuwa ile sauti au ilikuwa uongo wangu.

*

Ijumaa asubuhi mega ilisoma vizuri. Mota zilikuwa kavu, masanduku ya swichi yamebadilishwa, mkanda mpya umefungwa. Tulimpandisha mwenzi mahali pake juu ya korona nikaunga nyaya. Wanawake walisimama nyuma ya mstari wa njano. Baadhi walikuwa wanasoma dua kimyakimya. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia.

Ngoma haikuzunguka.

"Siwezi kuanza," mwenzi alisema, na spika zote za ukumbi zikasema naye. "Mmoja handakini."

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Wawili walikimbia hadi uani, na mmoja aliacha kandambili zake palepale kwenye tope.

Nilielewa kosa langu. Hesabu ya watu huandikwa kwenye kumbukumbu iliyokomaa, isipotee hata umeme ukikatika, kwa sababu ndiyo roho ya watu. Bi Chiku alihesabiwa alipoingia. Hakuna aliyemwambia mwenzi kwamba ametoka. Wakati walipomtoa, mwenzi mwenyewe alikuwa chini ya maji.

"Ifute," Semkiwa aliniambia.

"Mimi siwezi. Anayefuta ni mtu wa zamu ile, aliyekuwa juu wakati mwenzake anaingia. Mwenzi anawajua kwa sauti. Ama nimfute mwenzi mzima, miaka yote kumi na mmoja, na muanze kumfundisha mwingine. Mpaka huyo mpya akomae, mkono wa nani utakuwa wa kwanza?"

Wote wawili tulimtazama Mwajabu. Hakuwa amekimbia. Alikuwa ameshika nguzo, anaangalia spika iliyo juu ya ngazi.

Nilijua kwamba siwezi kumwomba aende kuzungumza na kitu kile huku akijua nusu. Nilimshika mkono nikamtoa nje, upande wa kamba za kuanikia singa, ambako hakuna spika.

"Mdogo wangu," nilisema, "juzi sikukwambia yote."

"Najua."

"Mama yako alisema funga. Lakini baadaye maji yalimzidi, akasema fungua. Alisema mara tisa. Nisamehe. Nilidhani nakupunguzia."

Hakulia. Akasubiri. Alikuwa anasubiri kitu kingine, nami nikaona kwamba anajua ni nini.

"Na mwenzi aliuliza," nilisema polepole. "Aliwauliza nyinyi. Mvua ilikuwa kubwa, hakuna ambaye angeweza kusi—"

"Nilisikia."

Upepo ulikuwa unatikisa kamba tupu.

"Nilikuwa karibu na spika," Mwajabu alisema. "Wenzangu walikuwa wanapanda ngazi, mimi nilikuwa wa mwisho. Ikauliza, nani juu anasema fungua. Nikajua ni mama, nani mwingine aliyekuwa kule? Nikatazama ngazini. Wa mbele yangu ni Mwanakombo, ana mimba ya miezi minane, anapanda kidogokidogo. Nikafungua mdomo. Ikauliza tena. Nikawa na neno hapa." Aligusa koo. "Ikauliza mara ya tatu, nikapanda ngazi."

"Mwajabu."

"Siku zote hizi najiuliza kama ilinasa. Nilipokuletea mchele nilikuwa nataka ipone iseme, na nilikuwa nataka isipone. Wewe ukaja ukaniambia habari ya funga peke yake. Nikasema basi, itabidi niishi nayo mwenyewe mpaka nife, watu wakinipongeza kwa mama shujaa."

Hapo ndipo alipolia. Nilimkumbatia. Nimekuwa fundi miaka kumi na minane, naweza kukueleza lango lile lingehitaji sekunde ngapi kufunguka na mto ungehitaji ngapi kufika ngazini. Nilishapiga hesabu hizo, na hazikumwachia Mwanakombo nafasi. Nilimwambia hesabu hizo baadaye, aliponiuliza. Wakati ule nilimshikilia tu.

Alipotulia alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kadi unayo?"

Nilimpa. Aliiangalia kiganjani kama mtu anayeangalia mwiba aliotolewa.

"Nitaisikiliza siku nikiweza," alisema. "Sasa twende."

*

Alishuka ngazi ya sakafu ya chini peke yake. Mimi na Semkiwa tulisimama juu. Wanawake waliokimbia walikuwa wamerudi mlangoni, na kati yao nilimwona mmoja mwenye tumbo kubwa, mkono wake umeziba mdomo.

Mwajabu alisimama mbele ya lango la chuma. Aliliwekea kiganja.

"Mwenzi," alisema.

"Mmoja handakini," mwenzi alijibu.

"Ametoka. Tulimtoa sisi, Jumapili. Tumemzika kwa Bibi, Kwemashai."

Nilisikia kipoozeo cha mwenzi kikizunguka. Nimewahi kuulizwa kama wenzi wanahuzunika, na huwa nasema hapana, wanasita tu pale ambapo mwalimu wao angesita. Alisita kwa muda mrefu.

"Nani anasema?"

"Mwajabu binti Chiku. Niko juu. Ndiye mimi uliyeniuliza Alhamisi, nikakusikia."

"Umesikika," mwenzi akasema. "Handaki tupu."

Taa ya kijani iliwaka juu ya ngoma. Mwajabu hakupanda mara moja. Mwanakombo ndiye aliyeshuka kumfuata, ngazi moja moja, akishikilia reli, huku wenzake wakimkataza. Walikaa kule chini wote wawili, wala hatukusikia walichosema.

Mchana niliandika ripoti katika ofisi ya Semkiwa. Mota nne zimeoshwa, tatu zimekaushwa, moja imekataliwa. Masanduku ya swichi, sita. Mwenzi amerudi kazini. Nilipofika kwenye sehemu ya tukio nilimwita Mwajabu nikamuuliza.

"Andika yote," alisema. "Na kwamba nilisikia, andika."

"Watu wataisoma."

"Waisome. Mwanakombo ameshajua."

Niliandika. Semkiwa alivaa miwani akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi nyuma akasoma tena mistari michache. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi huku ukumbini ngoma ikianza kupata kasi na mtu akisoma hesabu ya majani ya kwanza. Kisha akaniomba kalamu ya kutia sahihi.